Milioni Tisa Jikoni Kaloleni

Nukta nyekundu ilikata kona.

Nzivo akakata kona nayo.

Mkono wa kulia alishika ndoo ya mayai ya kuchemsha, wa kushoto simu ya Samsung iliyoonyesha nukta hiyo. Chini ya mayai, chini ya mkebe wa kachumbari, ndoo ilikuwa na sakafu ya pili. Ndani yake ililala bastola aina ya Ceska, imefungwa kwa nailoni. Sikioni alikuwa na kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Buda! Yai ngapi?" kijana mmoja wa kuosha magari alimwita.

"Yameisha."

"Yameisha na ndoo imejaa?"

Nzivo alizidi kutembea. Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, na mtaa wote wa Jericho ulitaka mayai. Tangu saa mbili alikuwa ameuza kumi na tisa bila kupenda.

Nukta ilisimama.

"Mchuuzi, hapa Kituo," sauti ya Amino, mkuu wake, ilisema sikioni. "Mzigo umetulia. Usiukaribie sana. Fuata pesa tu."

"Na mama mwenyewe?"

"Pesa kwanza."

Nzivo aliuma meno. Neno hilo alikuwa amelisikia mara nne tangu alfajiri.

Alfajiri ndipo ujumbe ulipoingia: *Shangazi amesafiri na mtoto.* Maana yake, pesa zimeanza kutembea. Shilingi milioni tisa, taslimu, ndani ya mkoba mweusi wa ngozi, na kwenye bitana yake kifaa cha kufuatilia kilichofichwa na Kituo. Zilikuwa zinamwendea mgeni mmoja aitwaye Marek, ambaye alikuwa na lori la vilipuzi mahali fulani Nairobi, vimefichwa katikati ya marobota ya mitumba. Akipata pesa, lori linaondoka. Mahali lilipo hakuna aliyepajua. Njia pekee ya kulifikia ilikuwa kufuata pesa.

Marek hakutumia benki wala simu. Alitumia akina mama wa Eastlands.

Alichagua mwanamke anayeaminiwa na mtaa wake. Alimtuma mtu amwambie kwamba ni pesa za kununua shamba, na mwenye shamba hataki mambo ya benki. Mwanamke alibeba, akafikisha.

Kisha hakurudi. Wawili walikuwa wamebeba kabla ya leo. Wote wawili walipatikana mtoni.

Wa tatu alikuwa Asenath, mama wa miaka hamsini na miwili, aliyeitwa Mama Kate na kila mtu. Alitakiwa kufikisha mzigo saa sita mchana.

Nzivo alitaka afike saa saba akiwa hai. Kituo kilitaka lori. Hapo ndipo walipokuwa wakivutana.

Alikata uchochoro wa mwisho. Nukta ilikuwa hatua kumi mbele yake.

Hakukuwa na Mama Kate.

Kulikuwa na mzee aliyevaa aproni ya ngozi, ameketi chini ya mwavuli, anashona kiatu. Kando yake ulikuwa mkoba mweusi, mzuri, wa ngozi, umejaa kalibu za viatu.

Nzivo aliinama juu yake.

"Mzee, mkoba huu umeutoa wapi?"

"Kwanza, habari ya asubuhi."

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Njema sana. Mimi ni Kabiru. Keti." Mzee alifuta kigoda kwa kiganja chake, taratibu, pande zote, kana kwamba mgeni alikuwa na siku nzima. "Mkoba nimepewa na Mama Kate. Leo hii hii, saa tatu, kabla sijahamia nao hapa. Kasema mkoba mzuri namna hii, ukiubeba Jogoo Road, unamwita mwizi kwa jina."

"Na yeye kabeba nini?"

"Unga. Robota zima. Mimi mwenyewe nimemtwika kichwani."

"Unga?"

"Unga wa sima. Aliniomba na gundi yangu kidogo, pakiti zilikuwa zimepasuka. Tena ameniachia huu wa kupelekea mke wangu." Mzee Kabiru alifunua gazeti. Chini yake kulikuwa na beseni, limejaa unga hadi mdomoni. "Mama huyo ana roho nzuri. Hajui kupita mtu bila kumpa kitu."

Nzivo alilitazama beseni. Kisha akaingiza vidole kwenye bitana ya mkoba. Kifaa kilikuwepo, kidogo kama kifungo cha shati, kizima kabisa.

"Kituo. Kifaa ninacho. Pesa hazipo."

Sikioni mtu alisukuma kiti.

"Rudia, Mchuuzi."

"Amezitia kwenye pakiti za unga. Anatembea na milioni tisa kichwani."

"Wataalamu walikipima hicho kifaa mara tatu!"

"Kifaa hakina makosa. Wataalamu ndio hawajawahi kubeba pesa Jericho."

Alikasirika, na zaidi alijikasirikia mwenyewe. Faili la Asenath lilikuwa na mstari mmoja tu: *mama wa kawaida.* Kumbe mama huyo wa kawaida alikuwa amebebea mtaa pesa kwa miaka kumi. Pesa za chama, pesa za paa la kanisa, karo za watoto wa watu walioogopa njia. Alizibeba ndani ya chupa ya chai, chini ya sukuma wiki, ndani ya kanga iliyofunga mtoto wa jirani. Hakuwahi kupoteza hata noti moja. Mtu yeyote pale sokoni angewaambia hayo kwa bei ya yai. Hakuna aliyeuliza.

"Ameshika njia gani, mzee?"

"Ya Kaloleni. Akiwa na mzigo hapendi barabara kubwa. Lakini kijana, soli yako imeachama. Nipe dakika mbili."

"Sina dakika mbili."

"Bure kabisa. Siwezi kuona mtu anatembea hivyo."

"Asante, mzee. Asante."

Alikwisha kuondoka. Hatua ishirini baadaye soli ilipinda chini ya mguu, akaanguka kifudifudi mbele ya duka la nyama. Mayai mawili yalibiringika. Msichana wa duka alitoka, akayaokota, akayafuta kwa aproni yake, akayarudisha ndooni.

Nzivo aling'oa soli, akaitupa, akaendelea.

Jogoo Road ilikuwa imefungwa kwa magari. "Watu wangu wako wapi?" aliuliza akikimbia katikati ya bampa na bampa.

"Kwenye magari mawili ya Probox. Yamekwama Makadara."

"Washuke watembee!"

"Wana bunduki kubwa, Mchuuzi. Watatembeaje Jogoo Road na bunduki kubwa mchana?"

Nzivo aliingia Kaloleni peke yake.

Mtaa ulikuwa mtulivu. Nyumba za mawe zenye vigae vyekundu, ua wa miiba, nguo kwenye kamba. Alisikia wimbo wa kanisa kutoka kwenye spika. Akapinda, akaona turubai la bluu, viti vya plastiki, na meza yenye picha ya mzee aliyevaa kofia ya reli. Chini ya picha kulikuwa na jina: Sylvance Obura. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa reli miaka thelathini na minne. Leo ndugu na majirani walikuwa wamekuja kukaa na mjane wake kabla mwili haujasafirishwa nyumbani Siaya.

Mstari wa tatu, kiti cha pembeni, alikuwa ameketi mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha manjano kichwani. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kuinywa.

Asenath.

Robota la unga halikuwepo kichwani. Halikuwepo miguuni. Halikuwepo popote.

Nzivo alisogea akaketi kando yake. Kabla hajafungua mdomo, vivuli vitatu vilimwangukia.

"Mayai! Oo, Mungu akubariki, nyathina, mwanangu!"

Walikuwa akina mama watatu wenye kanga za kufanana. Mmoja alishika ndoo. Wa pili alishika bega lake. Wa tatu alimpa kikombe cha chai.

"Hapana, mama, hiyo ndoo…"

"Tumeshapokea, mwanangu. Watoto hawajala tangu asubuhi. Kaa. Umetoka mbali, tazama hata kiatu kimekufa."

"Mama, tafadhali, ndani ya hiyo ndoo kuna…"

"Tutakurudishia ndoo. Sisi si wezi," alisema yule mkubwa, na wote wakacheka kwa upole.

Ndoo iliondoka. Ceska iliondoka nayo.

Nzivo alibaki na chai.

Miaka kumi na sita kazini. Alikuwa amevamiwa, amefungwa, amepigwa na umeme. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya silaha kwa kumshukuru.

Alipumua, akainama upande wa Asenath. "Mama Kate. Usigeuke. Unga uko wapi?"

Asenath alitazama mbele. "Wewe ndiye wa kupokea mzigo?"

"Mimi ni wa serikali. Uko wapi?"

Asenath alifunga macho. Maneno yakatoka mbio, kama aliyekuwa akingoja mtu wa kumwambia. "Nilikuwa napita tu. Nikasema, siwezi kupita kilio na mzigo kichwani kama ng'ombe, wacha niseme pole. Kuinua macho, wameniona na unga. Wanne wamekuja mbio wakiimba. Wamenitua. Wamenikumbatia. Mjane mwenyewe kasimama akanishukuru. Wamepeleka jikoni."

"Kwa nini hukusema unga si wao?"

Mama alimgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza, kama anayemtazama mtoto mkubwa asiyefunzwa. "Niseme nini? 'Nirudishieni unga wangu'? Msibani? Mbele ya mjane?"

Nzivo naye alikuwa ameshindwa kuomba ndoo.

"Ni pesa za mtu za shamba," Asenath alinong'ona. "Sijawahi kupoteza pesa ya mtu. Nimekaa hapa saa nzima natafuta jinsi ya kuomba."

"Si pesa za shamba."

Alimwonyesha simu. Picha mbili. Asenath aliitazama ya kwanza, akatikisa kichwa. Kwa ya pili aliivuta simu karibu.

"Huyu ni Nduta wa Makongeni. Walisema ameenda kwao Nyeri."

"Alibeba mzigo kama wako. Alifikisha. Hakwenda Nyeri, mama."

Asenath aliweka kikombe chini. Mikono yake haikujua pa kwenda. Akaifunga kwenye mapaja.

"Unakutana na mpokeaji wapi?"

"Nikifika soko la Burma nisimame. Saa sita atanipigia."

Saa ya Nzivo ilisema saa tano na dakika kumi na tatu.

Alisimama, akazunguka nyumba. Nyuma kulikuwa na mioto mitatu, masufuria ya kuingia mtu, na mlango wa jikoni. Kupitia mlangoni aliona ukuta wa unga. Marobota ishirini, pengine zaidi, yamepangwa hadi dirishani. Yote ya rangi moja, yote ya pakiti kumi na mbili. Maji ya sima yalikuwa yanachemka. Mwanamke mmoja alikuwa na kisu mkononi, anafungua robota la kwanza.

"Wewe. Unaenda wapi?"

Mlangoni alisimama mama mpana, mikono kiunoni, mwiko umechomekwa kwenye mkanda kama upanga.

"Shikamoo, mama. Nataka tu kuangalia unga."

"Marahaba. Unga unaangaliwa ukiwa sahanini. Mimi ni Jacklyne, na jikoni kwangu mwanamume haingii."

"Ni jambo la haraka, mama."

"Njaa yote ni ya haraka. Rudi ukae, mtaletewa."

"Mama Jacklyne, nakuomba. Kuna robota moja…"

"Mkono huo una nini?"

Nzivo aliutazama mkono wake. Kiganja kilikuwa kinavuja damu tangu alipoanguka. Jacklyne aliushika, akaumwagia maji ya vuguvugu, akararua kipande cha leso safi, akaufunga. Alifanya hayo yote bila haraka, akiwa ameziba mlango kwa mwili wake wote.

"Haya. Sasa rudi ukae."

"Kituo," Nzivo alisema akirudi. "Sijafanikiwa kuingia jikoni."

"Umezuiwa na nani? Wana silaha?"

"Mwiko."

"Nzivo, leo si siku ya mzaha."

"Sifanyi mzaha."

Alipoketi tu, simu ya Asenath ililia. Haikuwa saa sita. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Mama aliitazama kama nyoka.

Nzivo alifikiri kwa sekunde tatu. Bastola haipo. Pesa hazipo. Watu wake hawapo. Alikuwa amebakiwa na chambo kimoja tu.

"Mwambie ukweli," alisema. "Wote."

Asenath alipokea. Sauti ya mwanamume ilisikika, Kiswahili chake kimenyooka lakini kigeni.

"Mama. Uko wapi?"

"Niko Kaloleni, baba. Niko kilioni. Nilificha pesa kwenye unga kwa sababu ya wezi. Watu wa hapa wamefikiri nimewaletea unga. Uko jikoni."

Sauti ilipungua.

"Unasema pesa zangu ziko jikoni. Kwa watu."

"Hawajui, baba. Wanafikiri ni unga."

"Wanapika saa ngapi?"

"Maji yanachemka."

Mgeni alisema neno moja kwa lugha yake. Halikuwa neno zuri. "Usitoke hapo. Nakuja mimi."

Simu ilikatika.

Mtu mwenye milioni tisa taslimu hamwamini mtu yeyote. Hatamtuma dereva, na lori hataliacha nyuma mikononi mwa mtu. Nzivo alilijua hilo, na lilikuwa jambo la kwanza la kumfurahisha tangu asubuhi.

"Kituo, Marek anakuja hapa. Atakuja na lori. Leteni watu."

"Probox zinahitaji dakika thelathini."

"Hatuna thelathini."

"Basi ondoka. Mwache achukue pesa, tutalidaka lori barabarani."

"Akichukua pesa atamchukua na mama."

"Pesa kwanza, Nzivo. Ni amri."

Nzivo aliangalia mstari wa viti. Bibi mmoja alikuwa akimenyea mtoto wa mtu yai, anampulizia lipoe. Mwanamume alikuwa ametoa koti lake, anamfunika mjane magoti.

Alichomoa kidude sikioni, akakidondosha ndani ya chai.

"Mama Kate, nenda jikoni. Kaa katikati ya wanawake."

"Akija asinione, si atawaumiza hawa?" Asenath alikaa vizuri kitini, akajifunga kanga upya. "Nitakaa hapa hapa."

Lori aina ya Isuzu lilifika baada ya dakika kumi na moja. Lilisimama nje ya ua, limesheheni marobota ya mitumba chini ya turubai la kijani. Dereva alibaki ndani, injini inanguruma.

Marek alishuka. Mwanamume mrefu, mzungu, ndevu za kijivu, koti la kahawia. Nyuma ya kiuno koti lilikuwa na uvimbe mdogo. Bastola ya Makarov, Nzivo alikisia. Macho yake yalimpata Asenath mara moja.

Alipiga hatua tatu tu.

"Ndugu zangu!" Mshereheshaji aliruka na maikrofoni. "Sikuwaambia? Mzee Obura alikuwa mtu wa watu! Tazameni, hata wazungu wa reli wamekuja kumlilia!"

Watu wote walisimama.

Walimpokea. Walimpa mikono, mmoja baada ya mwingine, mikono arobaini na zaidi. Bibi mmoja alimkumbatia akalia begani mwake. Kiti cha mbele kabisa kilifutwa, kikawekwa kando ya mjane. Marek alifungua kinywa mara tano, na mara tano mtu mwingine akamwambia karibu.

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Nzivo aliijua hasira hiyo. Alikuwa nayo yeye mwenyewe tangu saa nne.

Marek alimgeukia Asenath, aliyekuwa amesogea hadi kiti cha nyuma yake. "Unga," alisema kwa meno. "Nataka unga wangu. Sasa."

"Mgeni ana njaa!" bibi wa jirani alisikia, akapaza sauti. "Utaupata, baba, umeshaiva! Leteni maji ya mikono!"

Maji ya mikono.

Nzivo alisimama.

Mwanamke aliyeitwa Sally alikuwa anatoka na jagi, beseni na sabuni. Nzivo alimpokea njiani. "Nisaidie kazi hiyo, dada. Umechoka."

"Mwanamume kunawisha watu?" Sally alimpima juu mpaka chini, mpaka kwenye kiatu kisicho na soli. "Leo Kaloleni kuna maajabu. Haya, funga aproni yangu, anza na wazee."

Anza na wazee.

Hakuweza kuruka mtu. Angeruka, watu wangemkemea, na Marek angegeuza kichwa. Kwa hiyo alianza na wazee. Mzee wa kwanza alinawa hadi kwenye viwiko. Wa pili alimuuliza ni wa ukoo gani. Wa tatu alitafuta miwani ili aone sabuni. Nzivo alimwaga maji taratibu, jasho likimtiririka mgongoni, pingu alizohamisha kutoka mfukoni mwake zikiwa baridi kwenye mfuko wa aproni.

Marek alikuwa anatazama mlango wa jikoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unarudi nyuma ya kiuno, kidogo kidogo.

Nzivo alifika mbele yake, akainama.

"Sili," Marek alisema.

Mjane aligeuka. Aliitwa Anyango, na tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Umetoka mbali. Kula kidogo tu. Kwa ajili yake."

Macho yote yalimtazama Marek. Hata mtu wa namna yake alijua kwamba asiponawa, hatafika jikoni.

Akanyoosha mikono yote miwili.

Nzivo akamwaga maji. Akampa sabuni. Akangoja povu lijae.

Klik.

Pingu ilishika kifundo cha kushoto. Klik ya pili ilishika nguzo ya chuma ya turubai. Beseni likaruka. Mkono wa kulia wa Marek ulichupa nyuma ya kiuno, ukaishika Makarov, ukaitoa.

Povu likaitelezesha.

Bastola ilianguka kwenye nyasi. Marek aliinama kuifuata. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika, mguu mfupi wenye kandambili. Asenath alikuwa ameikanyaga kwa uzito wake wote.

"Nduta wa Makongeni," alimwambia. Hakuinua mguu. "Alikuwa na watoto watatu."

Nzivo alimpiga Marek goti moja la tumbo, akamkalisha chini, akaiokota bastola.

Nje, dereva wa Isuzu aliona. Gia ikalia. Lakini wakati huo huo akina mama wa kanisa walikuwa wanaingia njia ile nyembamba, thelathini na kitu, wakiimba, masufuria vichwani. Dereva alipiga honi. Hakuna aliyeharakisha. Nani huharakishwa akienda kilioni? Aliruka chini akimbie, akawaangukia mikononi watu wawili waliokuwa wakihema kama mbwa. Watu wa Amino. Hatimaye walikuwa wameacha bunduki kubwa kwenye gari, wakatembea.

Nzivo aligeukia watu waliosimama midomo wazi.

"Poleni sana," alisema. "Huyu si wa reli."

Kisha akakumbuka sima.

Alikimbia nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yametulia, sima imepikwa, masufuria matatu. Pakiti tupu zilikuwa zimetapakaa chini. Alianza kuzipindua kwa mikono, moja baada ya nyingine. Hii ya unga. Hii ya unga.

"Unatafuta ule wa Mama Kate," alisema Jacklyne.

Alimwongoza hadi chumba cha ndani. Nyuma ya kitanda, chini ya blanketi lililokunjwa vizuri, kulikuwa na robota moja. Halikuguswa. Gundi ya Mzee Kabiru bado iling'aa kwenye mikunjo.

"Nimepika matangani miaka thelathini," Jacklyne alisema. "Unga ukiushika unatulia mkononi. Huu ulikuwa na mbavu. Nilijua tangu tulipomtua."

"Ulijua?" Sauti ya Nzivo ilipanda. "Nimesimama mlangoni kwako, nimekuomba! Kwa nini hukusema?"

"Nikuambie wewe? Nilikujua? Mwenyewe yuko pale nje, anaona haya. Nikitoka na mzigo mbele za watu, nimemwaibisha. Mtu haaibishwi kwenye kilio. Nikauweka kando, nikasema akipata nguvu atakuja aniambie polepole." Alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha ndoo. "Na hii yako pia ilikuwa nzito kuliko mayai. Nimeiweka juu, watoto wasifike."

Nzivo aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitaka kukasirika, akatafuta mahali pa kuanzia, hakupaona.

"Asante, mama," alisema mwishowe.

Amino alikuwa nje, koti jeusi, simu mbili, uso umekunjamana. Nyuma yake vijana walikuwa wanapasua marobota ya mitumba, na katikati ya masweta walikuwa wanatoa visanduku vya chuma.

"Ulizima redio," alisema.

"Ilianguka kwenye chai."

"Ulivunja amri. Pesa?"

"Nyuma ya kitanda. Zote."

"Mwanamke?"

Nzivo alionyesha kwa kidevu. Asenath alikuwa ameagana na mjane. Alijifunga kitambaa chake cha manjano, akatoka kwenye pengo la ua, akashika njia ya madukani, haraka haraka kama aliyechelewa.

"Wewe mama!" Amino aliita. "Tunahitaji maelezo yako! Unaenda wapi?"

"Narudi sasa hivi, mwanangu. Naenda dukani kuchukua unga. Hawa watu wameshanishukuru."

Nzivo aliichomoa Ceska kwenye ndoo, akaifuta kachumbari, akaichomeka kiunoni. Akavua aproni na kumpa Sally. Kisha akapita mbele ya Amino, akaelekea pengoni.

"Nzivo! Na ripoti?"

"Nikirudi."

"Wewe nawe unaenda wapi?"

"Kubeba," alisema, bila kugeuka. "Robota ni kilo ishirini na nne, na mama ametembea tangu Jericho."